Kuaminiwa Kwanza

Kama umewahi kuingia kanisa usilolijua siku ya Jumapili, hasa huku kwetu Kenya, unajua kinachofuata baada ya matangazo. "Wageni wetu wasimame. Watuambie majina yao na wanatoka wapi, na kama wameokoka watusalimie." Watu hugeuza shingo, wanatabasamu, makofi yako tayari. Kwa wengi ni dakika ya furaha. Kwa mtu mwenye kigugumizi, dakika hiyo ni ndefu kuliko mahubiri yenyewe.

Mimi nina kigugumizi tangu nikiwa na miaka minne. Mama anasema kilianza kidogokidogo kama manyunyu ya vuli, leo neno moja, kesho mawili, hadi sentensi nzima ikawa inakwama. Karibu mtu mmoja katika kila watu mia duniani anacho. Watoto wengi wanaokipata hupona wenyewe wakiwa bado wadogo. Mimi sikuwa miongoni mwao. Herufi zangu mbaya ni B, P, M na D. Sasa fikiria: salamu ya watu waliookoka ni "Bwana asifiwe." Inaanza na B. Jina langu nalo linaanza na M.

Mtu wa aina yangu huwa fundi wa kukwepa. Ukiona "baba" linakuja na mlango umefungwa, unasema "mzee." Kwenye hoteli unaagiza chai ya rangi, si kwa sababu unaipenda, ila kwa sababu neno "maziwa" limekukataa. Kwenye matatu ya kutoka Voi kupanda Wundanyi, wenzako wanamwambia makanga mahali wanaposhuka. Wewe unagonga bati na kuomba Mungu dereva asikie. Ukiishi hivyo miaka kumi na mitano, watu huanza kukusifu kwa upole. "Huyu binti ni mtulivu sana." Kumbe utulivu wenyewe ni hesabu tupu: lipi linatamkika, lipi halitamkiki.

Nilipoenda kusomea uuguzi hesabu hiyo haikutosha tena. Muuguzi huongea. Zamu ikibadilika, anayetoka husimama kando ya kila kitanda na kumweleza anayeingia: huyu nani, ana nini, amepewa dawa gani, saa ngapi. Kulikuwa pia na mtihani wa mdomo. Katika mtihani wangu wa kwanza, mtahini mmoja alitazama saa yake, akaniuliza kama wagonjwa nao watakuwa wakinisubiri hivyo. Nilipita, maana majibu yalikuwa sahihi, lakini swali lake nilitoka nalo mlangoni na likakaa nami muda mrefu.

Hapo ndipo marafiki zangu wa ushirika wa wanafunzi walipoanza kunifundisha kujiamini. Walinipenda kweli, na walinifundisha walichokijua. Amka asubuhi, simama mbele ya kioo, jiambie: mimi ni mshindi, mimi naweza, hakuna lisilowezekana. Nilifanya hivyo muhula mzima. Na unajua nini? Mbele ya kioo niliongea kama mtangazaji wa redio. Hakuna M iliyonisumbua. Kigugumizi kina tabia hiyo: mtu akiwa peke yake chumbani, mara nyingi hakimgusi. Nikifungua mlango, wa kwanza kuniuliza jina langu akanikuta palepale pa zamani. Ushindi wangu ulikuwa mzuri sana, ila haukuweza kuvuka kizingiti.

Baadaye akaja mhubiri mgeni. Aliniwekea mikono, akanipaka mafuta, akaniambia nipaze sauti niseme "Haleluya." Nikasema, bila kukwama hata kidogo. Umati ukalipuka kwa shangwe. Mimi nilijua kwamba H haijawahi kuwa adui yangu, lakini utamwambia nani katikati ya vigelegele? Jumatatu asubuhi kigugumizi kilikuwa kimeamka kabla yangu. Kuna walionijia kwa sauti ya chini kuniambia kwamba uponyaji nilipewa, ila nimeupoteza kwa kukosa imani. Basi nikawa na mizigo miwili: ulimi unaokwama, na shaka kwamba unakwama kwa sababu Mungu amenikasirikia.

Nilirudi nyumbani likizo nikiwa nimechoka na habari za kujiamini. Kanisa letu kule Taita ni la Anglikana, kanisa la kuta za mawe na mabenchi yanayoacha alama mgongoni. Ibada yake ni ya kitabu: ungamo tunalisema pamoja, zaburi tunazisoma kwa kupokezana, kanuni ya imani tunaisema sote kwa sauti moja. Kabla ya baraka, kama inavyofanyika katika ibada ya Meza ya Bwana iliyotungwa hapahapa Kenya mwaka 1989, kila mtu hunyosha mikono na kuipunga kuelekea msalabani, kama anayefagia shida zake zote zimwendee Kristo. Tangu utotoni nilikuwa nimeona jambo ambalo sikuwahi kulipa uzito: katika ibada hiyo sina kigugumizi. Nikisema na watu, B inatoka. M inatoka. Wataalamu wa matamshi wanalijua hili. Watu wengi wenye kigugumizi husema bila shida wakiimba au wakisoma kwa pamoja na wengine. Mimi sikulisoma kwa wataalamu. Nililijua kutoka kwenye benchi la tatu, nikiwa katikati ya nyanya yangu na mama wa jirani.

Kwa hiyo nilikuwa na sauti mbili zisizokwama: ile ya peke yangu mbele ya kioo, na ile ya pamoja na kanisa zima. Iliyonisumbua ni ya tatu, ya kusimama mwenyewe nikiwatazama watu usoni. Na ndiyo maisha yanayoitaka zaidi.

Aliyenisukuma kwenye hiyo ya tatu ni mzee mmoja ambaye sote tulimwita Babu, ingawa hakuwa babu yangu wa damu. Alikuwa msomaji wa kanisa, mtu asiye kasisi aliyeruhusiwa kuongoza ibada. Alinikuta nje baada ya misa.

"Mjukuu wangu, Jumapili ya Pentekoste utatusomea somo."

"Babu, shikamoo. Babu, si unajua mimi siwezi?"

"Marahaba. Najua unavyoongea, nimekusikia tangu ukiwa mdogo. Kwani nimekuambia usome haraka?"

Sikupata la kujibu. Nikaenda nyumbani kufungua Matendo ya Mitume sura ya pili, nikaona nimepelekwa machinjoni. Ukilijua somo lile utacheka. Ni habari ya Roho kuwashukia wanafunzi wakaanza kusema kwa lugha nyingi, na katikati yake kuna orodha ya watu na nchi: Wamedi, Mesopotamia, Ponto, Frigia, Pamfilia, Misri. Ni kama mtu alikaa chini akakusanya kila herufi ninayoiogopa, akazipanga mstari.

Siku ilipofika nilisoma. Nilikwama kwenye Mesopotamia, nikatoka. Nilikwama kwenye Ponto. Frigia ikapita. Halafu Pamfilia. Midomo ilifungana, shingo ikakaza, macho yakaanza kunitoka machozi ya nguvu, na sauti haikuja. Sijui ni sekunde kumi au ishirini. Ninachokumbuka ni kwamba hakuna aliyenimalizia neno. Unajua jinsi watu wanavyofanya kwa wema: wakiona umekwama wanakudakia, wanasema wao, wanaendelea na safari. Hakuna aliyedakia. Mtoto mmoja alilia nyuma, akanyamazishwa. Babu alikuwa ameinamia Biblia yake, kidole kikiwa juu ya neno lilelile, anasubiri, kama mtu aliye na muda wote duniani. Pamfilia ikatoka. Nikaendelea hadi mwisho, na watu wakaitikia kama wanavyoitikia msomaji yeyote.

Baada ya ibada hakuna aliyenipongeza kwa kujikaza. Babu aliniambia "Asante kwa somo," akaenda kuhesabu sadaka. Lakini wiki mbili baadaye orodha mpya ya wasomaji ilibandikwa mlangoni, na jina langu lilikuwemo, mwezi wa saba. Walikuwa wamenisikia nikikwama mbele ya kanisa zima, na wameniandika tena. Nilisimama pale mlangoni nikaisoma ile karatasi mara mbili. Kufikia siku hiyo, mashangilio yote niliyowahi kupata hayakuwa yamenifanyia kazi iliyofanywa na karatasi ile.

Baadaye nilimuuliza Babu kwa nini alinichagua. Yeye alikuwa mtu wa Uamsho, ule uliowaka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 ukaenea hadi Kenya na Tanganyika. Aliniambia kwamba katika mikutano yao mtu yeyote aliweza kusimama akasema Bwana amemtendea nini: mama asiyejua kusoma, kibarua wa shambani, hata kijana wa jikoni mbele ya mwajiri wake, na kasisi akaketi kusikiliza. Hawakuuliza nani ana ulimi mzuri. "Sisi hatukufundishwa kujiamini," alisema. "Tulifundishwa kwamba tumeaminiwa."

Niliondoka na neno hilo. Mimi si mwanaisimu, lakini ukilitazama utaona Kiswahili kinajua kitu hapa. Kuamini, imani, amana, amani, mwaminifu, yote ni ya mzizi mmoja tulioupata kutoka Kiarabu. Hata "amina" tunayofungia sala ni ya ukoo huohuo wa Kisemiti. Amana ni nini? Ni kitu ninachokuachia ukitunze, kwa kuwa nimekuamini kabla hujanionyesha kama utaweza. Katika "kujiamini" mimi ndiye ninayeamini na mimi ndiye ninayeaminiwa; mkopeshaji na mkopaji ni mtu mmoja, na mfukoni mwake hamna kitu. Katika "kuaminiwa" kuna mwingine aliyeanza. Yeye ndiye anayebeba hatari ya kwanza.

Nikarudi kwenye Biblia nikiwa na swali hilo, na nikaona mambo ambayo nilikuwa nimehubiriwa mara nyingi bila kuyasikia. Musa, katika Kutoka sura ya nne, anamwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu hamwambii ajiambie yeye ni msemaji bora. Hamwekei mikono akamwamuru apaze sauti. Anamuuliza ni nani aliyeumba kinywa, anamwahidi kuwa pamoja naye, na Musa akizidi kukataa anampa Haruni wa kusimama naye. Hakuna mahali tunaambiwa kwamba ule ulimi ulipona. Lakini fungua Kumbukumbu la Torati: karibu kitabu kizima ni hotuba za Musa. Yule aliyesema hana maneno ameacha kitabu cha maneno. Alipewa kazi ulimi ukiwa mzito vilevile, akaifanya miaka arobaini.

Au mtazame Gideoni katika Waamuzi sura ya sita. Anapura ngano ndani ya shinikizo la zabibu, amejificha Wamidiani wasimwone. Malaika anamsalimu kama shujaa. Shujaa gani, aliyejificha? Jina lilitangulia, ushujaa ukaja nyuma. Na Paulo, ambaye barua zake zinasomwa kila Jumapili, wapinzani wake huko Korintho walimcheka kwamba akiwapo mwenyewe hotuba yake si kitu. Aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe. Haukuondolewa.

Sisemi haya kumkataza mtu kuombea uponyaji. Naombea wagonjwa kila siku na nimeona mambo. Wala sisemi usimtafute mtaalamu wa matamshi ukimpata, ingawa katika Kenya hii ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Kuna mbinu zinazosaidia, nami natumia baadhi: kuanza neno kwa pumzi laini, kutokimbia, kutoficha. Ninachosema ni kwamba kama ujasiri wako unasubiri ulimi upone kwanza, utasubiri sana, na ulimi ukipona utakuta kuna kingine cha kuonea haya.

Nilisoma masomo kanisani miaka miwili, kila mara nikiwa likizoni, baadaye kila mwezi nilipopata kazi karibu na nyumbani. Sikuacha kukwama. Kilichobadilika ni kwamba nilizoea kukwama mbele za watu bila kufa. Inaonekana kitu kidogo. Usiku mmoja wodini nilijua si kidogo.

Mama mmoja alikuwa amejifungua salama, mtoto analia vizuri, kisha damu ikaanza kutoka na haikukatika. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoua akina mama wengi nchini, na huua haraka. Mwenzangu alikuwa akitundika dripu na kuandaa sindano ya oksitosini. Mimi mkono mmoja ulikuwa juu ya tumbo nikikanda mfuko wa uzazi, mwingine umeshika simu. Daktari wa zamu akapokea. "Haloo?" Neno langu la kwanza lilikuwa "Daktari," na D ilikuwa imefunga.

Mtu mwenye kigugumizi anaijua simu. Ukinyamaza, wa upande wa pili anafikiri hakuna mtu, anakata. Zamani ningempa mwenzangu simu, na mwenzangu usiku ule hakuwa na mkono wa kuipokea. Basi nikakiacha kigugumizi kitoke kwa sauti, D juu ya D, ili ajue kuna mtu hapa na hajamaliza. Hakukata. Nikasema wodi gani, mama amepoteza damu kiasi gani, tumempa nini, tunahitaji thieta. Ilichukua sekunde chache zaidi ya vile ingemchukua mwingine. Daktari alifika mbio. Mama aliingia thieta akiwa hai, na siku kadhaa baadaye alitoka getini na mtoto mgongoni.

Usiku ule sikuwa nimejiambia chochote kuhusu ushindi. Sikuwa na nafasi hata ya sala ndefu. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya mwili: nimewahi kukwama kwenye Pamfilia, watu wakasubiri, neno likatoka.

Rafiki yangu mmoja ambaye haendi kanisani alinisikiliza hadithi hii yote, akasema, "Sasa hiyo si imani, ni mazoezi. Ungeweza kuyapata kwenye klabu ya midahalo." Sibishani naye sana. Mazoezi yapo, na klabu ya midahalo ni kitu kizuri. Ila kwenye midahalo wanapima muda na kutoa alama, na mimi ningekuwa wa mwisho daima. Wale watu wa kanisani walinisubiri kwa sababu ya jambo wanaloliamini: kwamba katika mwili mmoja kiungo kinachoonekana dhaifu kinahitajika, si kwamba kinahurumiwa. Kama hawaliamini hilo kweli, dakika yao ya Jumapili ni ya thamani mno kuipoteza kwa Pamfilia.

Tena kuna jambo ambalo klabu haiwezi kunipa. Nilibatizwa nikiwa na miezi michache. Sikuweza kutamka hata "mama." Kasisi alinimwagia maji akalitaja jina langu, hili linaloanza na M, jina ambalo baadaye lingenikwama kooni maelfu ya mara. Wazazi wa ubatizo wakajibu maswali kwa niaba yangu. Yaani nilipokelewa nikiwa sijasema neno, kwa maneno ya watu wengine, na hakuna aliyesubiri kuona kama nitakuwa msemaji. Kila ninapokwama leo, hilo tayari limeshatendeka. Mtahini akitazama saa yake, hilo halibadiliki. Mtu akicheka, halibadiliki. Ndiyo maana naweza kuufungua mdomo nikiwa sijui kama sauti itatoka.

Babu alishatutoka. Orodha ya wasomaji siku hizi naiandika mimi. Nikikaa na karatasi ile, huwa natafuta wale ambao watu huwaita "watulivu": msichana anayejibu kwa kichwa tu, baba mmoja anayesoma polepole kwa kuwa alijifunza ukubwani, kijana ambaye sauti yake inavunjika. Nawafuata nje baada ya ibada. Siwaambii kwamba wanaweza, maana mimi sijui kama wanaweza, na wao wanajua kwamba sijui. Nawapa somo na tarehe. Siku ikifika nafungua Biblia yangu, naweka kidole kwenye mstari, nasubiri. Na wakishakwama, hata wakikwama vibaya, mwezi unaofuata nawaandika tena.